Kigingi cha Nne

Huenda hunijui mimi, lakini kama unaishi Stockholm na unasema Kiswahili, kabati la kanisa umelisikia. Nililitengeneza mwenyewe kwa mbao za msonobari, la kuwekea mavazi ya kwaya yetu ya Bredäng. Jumapili ya kuliweka wakfu mlango wake ulichomoka ukamwangukia Mchungaji Urbain mguuni, wakati ndiyo kwanza amefika kwenye "Bwana, ibariki kazi ya mikono hii." Mchungaji alitamka neno moja la Kifaransa ambalo halimo katika Biblia, kisha akamaliza sala amesimama kwa mguu mmoja.

Kosa lilikuwa kigingi. Useremala nilifundishwa na baba yangu huko Kasongo, katika Maniema ya Kongo, kama yeye alivyofundishwa na baba yake, naye alikuwa na masharti yake. Mlango wa kienyeji hauna bawaba za chuma. Unazunguka kwenye mhimili wake wa mti, na kichwa cha mhimili kinashikwa juu na kipande cha ubao kilichofungwa kwa vigingi vinne. Vitatu, alisema baba, viwe vifupi, vigonge kwa nguvu kutoka mbele. Cha nne kipitishe kutoka nyuma, usikigonge wala usikitie gundi, kisha mbele uchonge kichwa cha uongo ili vyote vinne vifanane. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Nilipouliza mara ya pili nikatumwa kufagia maranda.

Basi nikafanya vivyo hivyo Bredäng, na watoto wa kwaya wakakiona kile kigingi kilicholegea, wakakichomoa kuchezea. Baada ya ajali nilipiga skrubu nne za Kiswidi, zote kutoka mbele, nikatangaza mbele ya kanisa zima kwamba marehemu baba alikuwa mzembe na hayo ndiyo matokeo yake. Watu wakanisamehe mimi, wakamlaumu yeye. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Fundi aliyeangusha mlango juu ya mchungaji anahitaji kitu kingine cha kujivunia, na mimi nilikuwa na babu. Kwetu Kasongo tunajiita wangwana, yaani watu huru, wasio mali ya mtu. Babu wa babu yangu aliitwa Feruzi na alitoka Unguja. Hayo ndiyo yote niliyorithi. Mengine niliyatia mwenyewe, kidogo kidogo, katika mikutano ya chama chetu cha Waswahili, ambako Wakenya, Watanzania na sisi Wakongo tunakutana kula pilau na kubishana ni nani anasema vizuri. Mwaka wa kwanza Feruzi alikuwa na nyumba. Mwaka wa pili nyumba ikapata ghorofa na mlango wa nakshi. Krismasi moja, sahani yangu ikiwa imejaa, nikampa saa ya ukutani kutoka Ulaya. Mtu akiuliza nina ushahidi gani, namwambia jina lenyewe: feruzi ni kito, na huwezi kumwita mtoto jina la kito kama huna kito nyumbani. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma miaka tisa.

Binti yangu Olive aliibeba hadithi hiyo mpaka shuleni. Aliisoma mbele ya darasa, na saa ya ukutani ndani yake, akapewa alama ya juu kabisa.

Kazi yangu yenyewe ni ya masanduku. Nimeajiriwa na ghala la makumbusho huko Upplands Väsby, natengeneza masanduku ya kusafirishia vitu vya thamani vya watu wengine. Vitu vyenyewe siruhusiwi kuvigusa. Vinaguswa na Gun-Britt, mama wa Kiswidi mwenye glavu nyeupe, mhifadhi wa vitu vya mbao, ambaye kwa miaka sita alikuwa ameniambia maneno matatu: "fem centimeter till", sentimita tano zaidi.

Sasa ghala likatangaza siku ya wageni, na kitu kikubwa cha kuonyeshwa kilikuwa mlango wa Unguja. Muthoni, mwenyekiti wa chama chetu, muuguzi kutoka Nyeri ambaye hapotezi nafasi, alinipigia simu kabla hata sijalisoma tangazo.

"Baba Olive, hii ni God's plan," akasema. "Jumamosi utaongea mbele ya watu kama mjukuu wa mwenye mlango. Nimeshaiweka kwa poster."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nilipanda treni mpaka Södertälje, kwenye duka linalouza nguo za harusi za Wasiria, nikanunua joho jeusi lenye uzi wa dhahabu. Lilishonwa kwa bwana harusi mwenye kifua mara mbili ya changu. Muuzaji alinitazama kwenye kioo, akasema pole.

Mlango huo ulinunuliwa na nahodha mmoja wa Kiswidi zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, na barua yake bado ipo. Gun-Britt aliipenda sana. Nahodha aliandika kwamba mwenye nyumba aliuza kwa furaha, maana mlango ulikuwa na jini. Ulikuwa wa chumba cha uani. Bwana huyo alikuwa na mafundi kumi na wawili, wachongaji, wote watumwa. Mchana walikodishwa mjini kuchonga milango ya matajiri, na ikifika magharibi walifungiwa humo ndani, mnyororo na kufuli upande wa nje. Asubuhi moja mnyororo ulikuwepo, kufuli lilikuwepo, mlango umesimama pale pale, na fundi mmoja hayupo. Baada ya majuma machache hayupo mwingine. Waliondoka kumi na mmoja hivyo. Wa kumi na mbili alibaki, na ndiye aliyeapa kwa bwana wake kwamba jini ameliona kwa macho yake, likipita katikati ya ubao na mtu begani.

Makumbusho walikuwa wamekwisha kuchapisha bango: "Mlango wa Jini". Chini yake waliandika jina la mwenye nyumba, na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kwamba fundi hajulikani.

Alhamisi Gun-Britt aliniita nimshikie taa. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, na taa si kitu cha thamani. Mlango ulikuwa umesimamishwa kwenye fremu ya chuma, mbele nakshi tupu, maua na minyororo, nyuma mbao kavu zisizo na pambo. Nikaingia nyuma nikainua taa. Juu, kwenye pembe, kulikuwa na kipande cha ubao kinachoshika kichwa cha mhimili. Kilikuwa na kigingi kimoja tu kinachoonekana, chembamba upande mmoja, kimelegea.

Nilizunguka mbele. Huko vilikuwa vinne, vinafanana.

Nilirudi nyuma tena. Gun-Britt akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa namtazama baba yangu. Sina namna nyingine ya kusema. Mkono uliochonga pale uliufundisha mkono uliomfundisha aliyemfundisha yeye, na masharti yake yote yalikuwa pale, mpaka kichwa cha uongo.

"Hicho kimelegea," alisema Gun-Britt. "Kazi mbovu. Kesho asubuhi nakitia gundi, Jumamosi kitakuwa kimekauka."

Nikanyamaza. Afadhali nieleze vizuri jinsi nilivyonyamaza, maana nilifanya kwa ustadi kuliko ninavyofanya masanduku. Nilielewa pale pale kwamba jini ni kigingi. Vile vitatu vya mbele havifiki kwenye ubao; ukikivuta hiki cha nne, ubao unateleza, mhimili unatoka mahali pake, mlango unafunguka upande usio na mnyororo, mtu anapenya anaruka ukuta wa ua. Nilielewa pia kwamba baba hakuwa mzembe. Lakini ili kumzuia Gun-Britt ningelazimika kusema nimejuaje, na jibu lilikuwa moja tu: siri ya kutoka ndani wanaijua waliofungiwa ndani. Mwenye nyumba hakuijua mpaka anauza mlango. Feruzi hakuwa na nyumba, wala ghorofa, wala saa. Hata kile kito cha jina lake kikageuka. Nilikumbuka nimewahi kusoma kwamba mabwana wa Unguja walipenda kuwapa watumwa wao majina ya vito, nami siku hiyo nilifunga kitabu haraka.

Jumamosi ningesimama mbele ya watu sitini ndani ya joho la dhahabu. Gundi ikikauka, hakuna atakayejua.

Jioni nilimwambia mke wangu Perpétue. Yeye ni wa Bukavu, na kwa miaka ishirini amevumilia uungwana wangu mezani. Aliacha kumenya ndizi.

"Njo kusema, ule mulango wa kanisa ulimwangukia pasteri juu ya babu yako?"

"Kwa sababu ya babu yangu, ndiyo."

"Na weye ukamutukana papa yako mbele ya watu, na hakukosa kitu."

"Ndiyo."

Akaendelea kumenya. "Mkataa kwao ni mtumwa," alisema. "Babu yako alitoka mule ndani kitambo. Weye ungali mule."

Nilijaribu kucheka. Nilimwambia methali hiyo inanionea: nikikataa kwetu mimi ni mtumwa, nikikubali ni mjukuu wa mtumwa, sasa nishike lipi? Akabandika ndizi jikoni. Usiku kucha nilimfikiria yule wa kumi na mbili. Mtu akitoka, lazima mwingine abaki ndani kurudisha ubao na kusukuma kigingi, ndiyo maana asubuhi mlango ulikutwa umesimama. Kumi na mmoja walirudishiwa kigingi nyuma yao. Wa mwisho hakuwa na wa kumrudishia. Angeweza kutoka na kuacha mlango wazi, na siri ingejulikana mji mzima, na kila mlango wa Unguja wenye kigingi kama kile ungegongwa misumari. Akabaki, akawatungia jini. Uongo wake uliwaokoa watu ambao hata hakuwajua. Wangu ulininunulia joho. Niliona haya kitandani, gizani, ambako hakuna aliyekuwa ananitazama.

Asubuhi treni ya Upplands Väsby ilisimama njiani dakika arobaini, kwa sababu ambayo kipaza sauti kilituomba radhi bila kuitaja. Nilifika ghalani nikikimbia. Gun-Britt alikuwa kwenye ngazi ndogo, bomba la gundi limeshaingia tunduni. Sikuvaa glavu. Nilipitisha mkono chini ya mkono wake nikakichomoa kigingi, gundi ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko.

Gun-Britt hapigi kelele. Alishuka ngazi moja moja, akaniuliza kwa sauti ndogo sana kama ninaelewa nimeshika nini.

"Ninaelewa kuliko wewe," nikamwambia, na nikaogopa papo hapo.

Nilimweleza yote kwa Kiswidi changu cha masanduku. Baba, Kasongo, kabati, mguu wa mchungaji, babu, joho. Alipokwisha kusikia alikaa juu ya sanduku langu, akavua glavu. Kisha akataka kuona. Tulijaza fomu tatu, tukatandaza magodoro ya sponji sakafuni, tukawaita wanaume wawili wa mizigo. Gun-Britt akaingia nyuma mwenyewe. Nilifunga mnyororo mbele, nikamwambia avute. Ubao uliteleza, mlango ukaachia upande wa pili, na yule mama wa miaka sitini akapenya akatokea mbele yangu, vumbi kwenye nywele. Akaomba kalamu, akapiga mstari juu ya neno "jini" kwenye bango lake.

"Nani atawaeleza wageni kesho?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Nilikuwa bado na usiku mmoja wa kukimbia.

Sikukimbia, ila joho nililivaa. Nilikuwa nimelilipia.

Watu walikuwa wengi, Waswidi kwa Waswahili. Mchungaji Urbain alisimama mbali na mlango. Olive alisimama pembeni yangu na kipaza sauti, kwa kuwa Muthoni alimpangia kazi ya kutafsiri. Muthoni mwenyewe alinitambulisha kwa dakika nzima kama damu ya mabwana wa Unguja, akanivisha kilemba cha ukoka mbele ya umati, nami nikatabasamu, maana uso una mazoea yake. Kisha nikamwomba Gun-Britt anifungie.

Watu walidhani ni mchezo. Mnyororo ulilia, nikabaki peke yangu nyuma ya mbao kavu. Nilikuwa nimepanga kutoka kwanza, ndipo niseme. Nikashika kigingi nikavuta. Hakikutoka. Gundi ya jana, lile tone lililobaki tunduni, ilikuwa imekishika. Nikavuta tena mpaka ukucha ukakatika. Upande wa pili mtu akakohoa. Nikasikia Olive akinong'ona, "Pappa, vad gör du?", yaani nafanya nini huko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na la kujitapa.

Basi nikasema nikiwa ndani. Ni rahisi zaidi kusema ukweli pale ambapo hakuna anayeuona uso wako, hilo nalikiri.

"Nyumba hii haikuwa ya babu yangu," nikasema kwa sauti. "Hakuwa na nyumba. Babu wa babu yangu alikuwa fundi mtumwa, wa hapa au wa chumba kama hiki. Nimewadanganya miaka tisa. Ile saa ya ukutani niliitunga Krismasi."

Nilimngoja Olive atafsiri. Alama ya juu kabisa, hadithi aliyoisoma mbele ya wenzake, ilikuwa inavunjika mdomoni mwake, na mimi ndiye niliyeitia humo. Alichelewa. Halafu nikaisikia sauti yake, nyembamba lakini haikukatika, ikisema kwa Kiswidi kila neno nililosema. Hakuruka hata saa.

Nikaendelea. Nikawaambia juu ya vigingi vitatu na kile cha nne. Nikawaambia kwamba jini halikuwepo, walikuwepo watu kumi na wawili waliokodishwa mchana kwa ajili ya ufundi wao, na wakautumia ufundi ule ule kwenye mlango wa kuwafungia wenyewe, kwa sababu bwana wao hakuona haja ya kumlipa mtu mwingine auchonge. Nikawaambia juu ya yule aliyebaki. Nikawaambia waliotoka walijiunga na misafara ya bara wakafika mpaka kwetu, na huko kila mmoja alijiita mungwana. "Mimi nilidhani neno hilo ni la nasaba," nikasema. "Babu hakudanganya. Alijifungulia mwenyewe." Hapo nikamkumbuka baba na maranda yake, nikalia kidogo nyuma ya mlango, nikiwa nimevaa nguo ya harusi ya mtu mwingine.

Ndipo nikakumbuka sharti lake dogo, lile nililokuwa nimelisahau kwa sababu halikuwa na maana: sukuma kwanza, ndipo uvute. Nikasukuma kigingi kwa kidole gumba. Kitu kikavunjika ndani, nadhani ni gundi. Nikavuta, kikatoka.

Ubao uliteleza na mlango ukaachia. Nikapenya. Joho lilinasa kwenye pembe likachanika kutoka begani mpaka chini, kwa hiyo nilitokea mbele ya umati nikiwa na shati langu la kazini na mkono mmoja wa dhahabu. Wanaume wa mizigo waliushika mlango. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Muthoni alikuja mbele. Nilimngoja aniulize juu ya poster. Alinitazama sana, kisha akanipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, namna anavyowasalimia wazee wa kwao.

"Karibu nje, mungwana," akasema.

Olive alikuwa bado na kipaza sauti. Neno hilo hakulitafsiri. Alikuja akakishika kile kipande cha joho kilichokuwa kinaburuta chini, akakibeba mpaka tulipofika kituoni.

Bango jipya linasema mlango ulichongwa na mafundi watumwa kumi na wawili, na kwamba wa kumi na mbili alikaa ndani ili wengine waweze kutoka. Jina la mwenye nyumba sasa ndilo la herufi ndogo. Gun-Britt hunisemesha siku hizi, sana hata; masanduku yangu yanachelewa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani mapema na bisibisi. Nilitoa skrubu ya nne kwenye kabati, nikaziba tundu la mbele kwa kichwa cha uongo, nikatoboa nyuma, nikaingiza kigingi nilichokichonga usiku kwa mbetula, mti wa huku Sweden. Sikukigonga. Baada ya ibada nilisimama mbele ya watu wote, nikasema baba yangu hakuwa mzembe, alikuwa fundi, na aliyekosa ni mimi. Nikalitaja jina lake lote. Mchungaji Urbain aliitikia amina, akasogeza mguu wake.